Niliamini jua, nikapoteza miche 46: majira ya kuchipua Umeå, Uswidi

Miche 46 ilikufa usiku mmoja. Nyanya 18, maboga 12, maharage 10 na mnavu 6. Nyanya nilizisia kwenye vikopo tangu Februari, nyingine zikafuata Aprili. Taa za kuoteshea zilinigharimu krona 900, udongo wa mifuko krona 400 na ushee, na kwa miezi miwili na nusu meza ya chakula ilikuwa ya miche, sisi tukila tumepakata sahani. Tarehe 12 Mei niliipeleka bustanini. Asubuhi ya tarehe 14 nikakuta majani yamelala chini, meusi, teketeke, kama mboga iliyopitishwa kwenye maji ya moto. Nilichuchumaa pale kwenye tuta nikalia.

Nimezaliwa Makete, mkoa wa Njombe, kwa hiyo sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, si kitu nilichosimuliwa. Nimeiona ikiunguza viazi vya mama mwezi wa sita na wa saba, bonde zima likiamka jeupe na watu wakipita kimya pembezoni mwa mashamba yao. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilijua vizuri baridi inavyoua mmea. Nilichokuwa sijui ni kusoma dalili za ugenini. Kwetu dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la Novemba likishatanda upande wa Kitulo, mama anatoa mbegu stoo. Huku kaskazini mwa Uswidi jua linaweza kuwaka wiki nzima, watu wakavua makoti, na majira ya kuchipua yakawa bado hayajaingia ardhini.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaofika maeneo haya wakiwa na mbegu kwenye sanduku na hamu ya kuona kitu kijani. Tuko wengi siku hizi: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi.

Niliingia Umeå Oktoba, kumfuata mume wangu aliyekuwa masomoni. Desemba jua lilikuwa linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Nilipata kazi kwenye makao ya wazee. Naingia giza, natoka giza. Nesi wa pale aliniambia mapema nianze vitamini D, nami nikachelewa hadi Januari kwa sababu niliona ni mambo ya wagonjwa. Usichelewe kama mimi. Kufikia Februari nilikuwa nalala kwa muda wa saa kumi nzima na bado naamka nimechoka, na mama akipiga simu sina la kumweleza.

Dalili ya kwanza nilionyeshwa na bibi mmoja pale kazini, mwenye miaka zaidi ya 90. Kila mchana alikuwa ananiomba nimfungulie dirisha kidogo. Nilidhani anataka hewa. Siku moja mwishoni mwa Februari akanishika mkono, akasema: "Sikiliza." Nikasikiliza. Tak. Tak. Tak-tak. Kwenye ukingo wa paa ilikuwa inaning'inia mishikaki ya barafu mirefu kama mkono wa mtu. Tone lilikuwa linajikusanya kwenye ncha, linavimba, linabeba mwanga wote wa mchana ndani yake, halafu linaachia. Chini yake theluji ilikuwa imetoboka kitundu kidogo chenye kuta za kioo. Waswidi wana neno moja kwa jambo hilo, takdropp, matone ya paani. Bibi yule alifumba macho. "Sasa limeanza," akasema.

Mimi nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu kuwa wiki mbili zijazo theluji itakwisha. Udongo nilikuja kuuona Mei.

Kosa la kufikiri lilikuwa hapo, na nimeliona kwa wageni wengi. Tunatafuta dalili moja, kumbe majira haya yanakuja kwa foleni, na kila dalili inazungumzia mahali pake. Matone ya paani yanasema habari za paa linaloelekea jua, wala hayasemi lolote kuhusu bustani. Kalenda yangu ya jikoni iliandika 20 Machi kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, na siku hiyo nilisukuma theluji mlangoni kwa beleshi mara mbili. Taasisi ya hali ya hewa ya Uswidi, SMHI, haifuati kalenda. Inahesabu kuwa majira yamefika mahali fulani wastani wa joto la siku ukizidi nyuzi 0 kwa siku 7 mfululizo, na hesabu hiyo haianzi kabla ya 15 Februari. Kusini kabisa, Skåne, inaweza kutimia Februari hiyohiyo. Umeå kwa kawaida ni Aprili. Na shika neno hilo, wastani: mchana nyuzi 7 na usiku nyuzi 4 chini ya sifuri ni majira ya kuchipua kwa hesabu yao, lakini kwa mche wa nyanya ni kifo.

Wenyeji wa kaskazini wana jina la kipindi kati ya baridi na kuchipua, vårvinter. Wasami, ambao wamefuga katika nchi hii kwa karne nyingi, huugawa mwaka katika majira manane, na hicho ni kimojawapo. Nilipolijua jina hilo nilipata nafuu kweli. Machi na theluji yake ikaacha kuwa ahadi iliyovunjwa. Ikawa majira kamili yenye mambo yake. Mchana unaongezeka karibu dakika 6 kila siku, maana yake kila siku kumi unapata saa nzima ya mwanga ambayo hukuwa nayo. Utawaona watu wameegemea ukuta ulioelekea kusini, macho wameyafumba, uso wameuelekeza juani, na theluji imewafika magotini. Mwanzoni niliwapita haraka kwa aibu. Sasa nami nasimama nao.

Katika kipindi hicho kuna ndege mdogo, kifua cha manjano, mstari mweusi katikati kama tai, anaitwa talgoxe. Huanza kuimba Januari au Februari, noti mbili tu, ti-ta, ti-ta, kama baiskeli inayohitaji mafuta. Yeye haitiki joto. Anaitika mwanga. Mtu asikuambie kuwa ukimsikia uanze kupanda.

Msituni ndiko nilikopata somo la kwanza lililoumiza mwili. Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, mwaka ule wa kwanza, nilitoka saa mbili asubuhi kuingia kwenye misonobari nyuma ya mtaa wetu. Usiku ulikuwa wa baridi kali baada ya siku mbili za jua, na juu ya theluji palikuwa na ganda gumu. Likanibeba. Kwa miezi yote ile nilikuwa mfungwa wa vijia vilivyosafishwa, na ghafla nikawa naweza kwenda popote, juu ya vichaka, juu ya mitaro, karibu mita moja juu ya ardhi. Nilifika hadi ukingo wa kinamasi nikasikia ndege weusi wa jamii ya kuku wakiunguruma kwa mbali kama chungu kinachochemka. Nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nifike Uswidi. Nikakaa juu ya kisiki, nikanywa chai yote, nikasahau saa.

Saa sita nikageuka kurudi. Hatua ya kwanza ganda lilishika. Ya tatu likavunjika, nikazama hadi mapajani. Nikajivuta, nikapiga hatua nyingine, nikazama tena. Jua lililonipendeza ndilo lililokuwa limeyeyusha daraja langu. Umbali wa kilomita 2 ulinichukua saa tatu, mabuti yamejaa maji, suruali ya jinzi imeganda magotini, simu ina asilimia 4 ya chaji. Nilifika nyumbani natetemeka, na vidole viwili vya mguu vilikuwa na ganzi hadi Jumatatu.

Ganda hilo la theluji ni zawadi na ulitumie. Lakini linaishi kati ya baridi ya usiku na jua la asubuhi. Mimi siku hizi nageuka kabla ya saa nne, na kisigino kikianza tu kuacha alama yenye kina, narudi papo hapo. Usivae jinzi. Mwambie mtu unakokwenda. Na ukishanaswa, tafuta njia waliyopita watu wa ski au pikipiki za theluji, hapo pameshindiliwa hata mchana.

Mwaka wa pili nilipata kiwanja cha bustani cha kukodi, baada ya mwaka mzima kwenye foleni. Mita za mraba 100, krona 700 kwa mwaka. Weka jina kwenye foleni wiki unayofika, hata kama hujui kama utalima.

Pasaka ya mwaka huo ilinipoteza kabisa. Hapa watu huweka ndani matawi ya mbetula, ule mti wenye gome jeupe kama karatasi, wakayafunga manyoya ya rangi. Umeå huitwa mji wa mibetula. Ilipandwa kando ya mitaa baada ya moto mkubwa wa 1888, ili isaidie kuzuia moto kuruka kutoka nyumba hadi nyumba. Nilinunua fungu la matawi dukani. (Usikate mwenyewe msituni. Sheria inaruhusu kila mtu kutembea, kuchuma uyoga na matunda pori, lakini kuvunja matawi, kubandua gome au kukinga utomvu wa mti uliosimama ni lazima uwe na ruhusa ya mwenye ardhi.) Baada ya siku kumi kwenye jagi la maji matawi yalitoa majani mabichi, madogo, yenye harufu tamu. Nikayaangalia kila asubuhi nikinywa chai na moyo ukanidanganya kwamba nje nako mambo yako hivyohivyo. Dirishani mbetula ulikuwa kijani. Nyuma ya kioo, mita tatu tu, mbetula halisi ulikuwa kama ufagio.

Katikati ya Aprili mji hubadilika kabla ya miti. Matairi ya misumari, yale ya kushika barafu, mwisho wake ni 15 Aprili, labda barabara ziwe bado na barafu, na ule mvumo wa misumari kwenye lami uliouzoea tangu vuli unapungua siku hadi siku. Kisha yanakuja magari ya kufagia changarawe iliyomwagwa kwenye barafu kipindi chote cha baridi. Kabla hayajapita, endesha baiskeli polepole, hasa kwenye kona; mimi nilianguka na goti lina kovu hadi leo. Tarehe 30 Aprili, siku ya Valborg, watu huwasha mioto mikubwa na kuimba kuyakaribisha majira mapya, na mara nyingi huku kwetu wanaimba wamesimama kwenye theluji. Walianza kuimba, nikadhani kazi imekwisha.

Lakini wiki hizo ndizo za kutazama chini. Kwenye kingo za mitaro zilizoelekea kusini linatokea ua dogo la manjano, tussilago, bila jani hata moja, linafunguka jua likitoka na kujifunga jioni. Majani yake huja baadaye, mapana, umbo la kwato. Hapohapo mierebi inatoa vichipukizi vya kijivu, laini kama manyoya ya paka, vinavyogeuka manjano vikijaa chavua. Siku moja nililala kifudifudi kwenye nyasi kavu kumtazama nyuki mmoja mkubwa mwenye manyoya, malkia aliyekuwa amelala ardhini peke yake kipindi chote cha baridi. Alikuwa anaingia kwenye ua la mwerebi, anatoka amejaa unga wa manjano hadi kwenye uso, anatua kwenye jiwe lenye jua, anatetemesha misuli ajipashe joto, kisha anarudi. Kwake ua la mwerebi ndicho chakula cha kwanza. Tangu siku hiyo sikati mwerebi bustanini, na wala sisafishi majani makavu mapema, kwa sababu huwezi kujua nani bado amelala chini yake.

Mto Ume nao unafunguka, na kwenye delta yake kusini mwa mji batamaji weupe wanashuka kupumzika kwa makundi kabla ya kuendelea kaskazini. Nenda ukawaone, na mtoto umpeleke. Ila barafu iache. Barafu ya Aprili inaweza kuwa nene nusu mita na bado ikaachia, kwa sababu jua limeioza kwa ndani ikawa kama kifungu cha mishumaa iliyosimama. Ukiona mwenyeji anavua samaki juu yake, jua kwamba ana fimbo ya kupimia, amening'iniza shingoni misumari miwili ya kujivutia akizama, na anayajua maji hayo tangu utotoni. Wewe huna hayo matatu.

Sasa bustani. Mwanzoni mwa Mei theluji kwenye kiwanja changu ilikuwa imeisha, udongo juu mweusi, mkavu kidogo, unapendeza. Nikashika beleshi. Sentimita 20 hivi chini likagonga kitu, nikahisi mtikiso hadi begani. Nikahamia upande mwingine, hivyohivyo. Nilidhani ni mwamba. Jirani wa kiwanja cha pili, mtu mzima aliyestaafu, akaja akachuchumaa, akafuta udongo kwa kiganja, akanionyesha: udongo wenyewe, umeganda, na ndani yake nyuzi za barafu zikimetameta. "Tjäle," akasema. Ardhi huganda kutoka juu kwenda chini kipindi chote cha baridi, na kuyeyuka kwake huanza juu pia, kwa hiyo maji yanakaa juu ya sahani ya barafu bila pa kwenda. Ukichimba wakati huo unakanyaga matope na kuharibu udongo wa mwaka mzima. Alichukua konzi ya udongo, akaifinya, akaniwekea mkononi. Ilibaki donge kama ugali. "Likivunjika ukiligusa kwa kidole, njoo ulime."

Waswidi huitana majina tu, hata mtoto humwita babu wa jirani kwa jina lake. Ulimi wangu ulikataa. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akafurahi, na hadi leo anajiita hivyo akinipigia simu.

Mzee aliniambia nisubiri, kisha akaenda kwa wajukuu wake kwa wiki moja. Siku nne mfululizo joto likafika nyuzi 20. Vijana wakavaa kaptula. Mbele ya maduka yakapangwa maua. Donge langu la udongo likavunjika vizuri. Na mimi nina miche inayogusa taa, myembamba, inainama, inaniomba kutoka. Nikatoka nayo. Usiku wa pili anga likawa safi kabisa, bila wingu, bila upepo. Mtu wa Makete ninajua usiku wa namna hiyo unaleta nini. Nilitoka barazani saa nne usiku, nikauona, nikajiambia huku ni Mei. Kipimajoto cha Mzee, chenye kumbukumbu, kilikuja kuonyesha nyuzi 3 chini ya sifuri.

Aliporudi hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Mibetula ilikuwa na masikio ya panya?"

Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimetazama jua, nguo za watu, maua ya dukani yaliyolelewa kwenye vitalu vya joto, na majani ya jagini kwangu. Mbetula uliokuwa juu ya kichwa changu wakati napanda ulikuwa bado umefumba macho yake yote.

Masikio ya panya ndivyo wanavyoliita jani la mbetula likiwa ndiyo kwanza limefunguka, dogo, la mviringo, lenye mikunjo. Hiyo ndiyo saa ya kupanda viazi. Umeå kwa kawaida ni nusu ya pili ya Mei. Mti una mizizi kwenye udongo uleule wako, hautoi majani kwa siku nne za jua. Baadaye kidogo unakuja hägg, mti wa maua meupe yanayoning'inia kama shanga, wenye harufu nzito inayokufuata barabarani. Huku kwetu ni mwanzo wa Juni. Na hata hapo wazee wanasubiri kile wanachokiita usiku wa chuma, siku chache za mwanzo wa Juni ambapo sakitu hurudi mara ya mwisho. Maharage, maboga na mchicha, yaani vyote tulivyotoka navyo nyumbani, ni vya baada ya hapo. Sukuma wiki, njegere na vitunguu havina shida, vinastahimili baridi ndogo, na laiti ningeanza na hivyo.

Kuna jambo moja la mwilini. Mibetula ikishafunguka inamwaga chavua, na mume wangu, ambaye hajawahi kuwa na mzio, alipiga chafya wiki tatu, macho mekundu, akidhani ni mafua. Akala tangawizi na limau hadi vikatuchosha wote. Mfamasia alimpa vidonge vya mzio visivyohitaji cheti cha daktari, siku mbili akapona. Siku hizi anaanza kuvimeza mibetula ikikaribia kufunguka.

Mwaka wa tatu nilianza nyanya mwisho wa Machi, maharage sikuyaanzia ndani kabisa. Nilinunua kipimajoto cha udongo kwa krona 120 na kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mboga kwa krona 150. Hivyo viwili vimeniokoa kuliko taa zote. Kipimajoto nakichomeka kina cha sentimita 10 asubuhi, si mchana. Viazi nasubiri nyuzi 8, maharage 12. Miche nilianza kuitoa nje siku kumi kabla, saa moja kivulini siku ya kwanza, kisha naongeza. Trei moja niliisahau juani siku ya pili, majani yakapauka kama karatasi kwa sababu yalikuwa hayajawahi kukutana na jua lisilopita kwenye kioo. Yalipona, lakini yalichelewa wiki mbili.

Tarehe 19 Mei, nikiwa napiga matuta ya viazi, nilisikia wimbo juu ya mbetula wenye masikio ya panya, laini, unaanza juu na kuteremka taratibu kama mtu anayeshuka kilima bila haraka. Mzee akaacha reki. "Lövsångare," akasema. "Huyu anatoka kwenu." Nikadhani ni maneno ya kunifurahisha. Si hivyo. Ni kindege cha kijani na manjano chenye uzito wa gramu 10 hivi, na wale wanaozaliana kaskazini mwa Uswidi hukaa miezi ya baridi Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika. Zaidi ya kilomita 8,000, usiku kwa usiku. Nilimtafuta kwa macho hadi nikamwona, anaimba mwili mzima unatikisika. Siku chache baadaye wakaja mbayuwayu. Aprili mama alikuwa ameniambia kwenye simu, kama habari ndogo tu katikati ya habari za viazi na mchungaji mpya, kuwa mbayuwayu wameshaondoka kwenye nyaya. Sikuwa nimewahi kujiuliza wanakwenda wapi.

Rafiki yangu wa Uvira, Kongo, alinipa mbegu za mchicha, yeye anauita lengalenga, alizozikusanya kwenye balcony yake kusini mwa Uswidi. Nilizimwaga tarehe 1 Juni, hägg ikiwa imechanua, na juu yake nikatandaza kile kitambaa cheupe, nikakibana kwa mawe. Usiku wa tarehe 5 anga lilikuwa safi, bila upepo. Safari hii nilitoka barazani, nikalitazama, nikaamini nilichokiona. Nikaenda kwa baiskeli saa tano usiku, mwanga bado upo, nikaongeza kitambaa cha pili juu ya maharage na nyanya.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe. Nilisubiri jua lipande kabla ya kufunua. Simu ikalia, mama. Akaniambia sakitu imeanza huko, usiku wa jana imepiga viazi vya bondeni, vya mlimani vimesalimika. Nikamwambia hata huku imepiga, nadhani ni ya mwisho. Akanyamaza kidogo. "Umefunika, mwanangu?"

"Nimefunika, mama."

Nikaiweka simu kwenye jiwe, nikainua kona ya kitambaa. Lengalenga lilikuwa limechomoza, majani mawili mawili, mekundu kidogo kwa chini, makavu.